Mmoja ana tumbo, mwingine amenona: nimpunguzie nani chakula?

SWALI

Habari za kazi, mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, Moshi. Watoto walinisumbua mpaka nikawanunulia sungura kwa mfugaji mmoja kule Kiboriloni. Wa kwanza ni jike mweupe, wamemwita Theluji, sasa ana kama mwaka na nusu. Mwezi uliopita tukaongeza dume mdogo wa kijivu, Simba, ambaye tuliambiwa ana miezi mitatu, kwa hiyo sasa ni minne. Wanakaa pamoja kwenye banda la mbao lenye sakafu ya wavu, nyuma ya jiko. Si wa biashara wala si wa kitoweo, ni wa watoto.

Kinachonichanganya ni uzito wao. Mama mkwe alipokuja alimbeba Theluji akasema, "Huyu amenona, Desemba wageni wakija nyama mnayo." Watoto wakalia siku nzima. Ila tangu hapo namwangalia, na kweli amejaa. Chini ya kidevu ana mkunjo mkubwa wa ngozi, akilala kichwa kinakaa juu yake. Siku hizi pia nyuma anabaki na kinyesi laini kimeganda kwenye manyoya, kinanuka. Tulimpeleka duka la nafaka wakamweka kwenye mizani akiwa ndani ya kapu, ikasoma kilo 5.1. Nimesikia sungura wa kisasa wanafika kilo 5, kwa hiyo sijui kama huo ni unene au ndiyo kawaida yake.

Simba naye ana tumbo. Miguu myembamba, mwili mdogo, lakini tumbo limetoka pande zote mbili. Wifi yangu anasema huyo anakula kupita kiasi, tumpunguzie. Hamu ya kula anayo, ila siku nyingine choo chake kinakuwa laini. Hatujampima.

Wanakula hivi: asubuhi pumba za mahindi bakuli moja kwa wote wawili, jioni peleti za sungura kikombe cha chai kwa kila mmoja. Katikati wanapata mabaki: ugali, mkate, ndizi mbivu, karoti. Majani wanapata kijana wa kukata majani akija, kama mara mbili kwa wiki. Maji yapo muda wote.

Naomba unisaidie: uzito sahihi wa sungura ni kilo ngapi? Na niwapunguzie wote wawili kwa pamoja?

Mama Watatu, Pasua


JIBU

Mama Watatu, tuanze na Simba maana ndiye wa haraka. Usimpunguzie chakula. Tumbo lililotoka pande zote juu ya miguu myembamba, kwa sungura wa miezi minne mwenye choo laini, mara nyingi si shibe wala si mafuta. Ni dalili ya minyoo, au zaidi ya hapo, koksidia: vijidudu vinavyoshambulia utumbo au ini la sungura wadogo. Chakula kinaingia, mwili haukipati. Ukimpunguzia unamaliza kile kidogo kilichobaki. Wifi ameliona tumbo, na tumbo ndiyo sehemu ya sungura inayodanganya kuliko zote.

Kuhusu kilo, hakuna namba moja ya sungura wote. New Zealand mweupe aliyekomaa huwa kati ya kilo 4 na 5.5, California kati ya 3.5 na 4.8, Dutch hukaa kwenye 2 hadi 2.5, Flemish Giant huvuka kilo 6, na wale wadogo wa Netherland Dwarf kwa kawaida hawavuki 1.2. Wengi wanaouzwa mitaani kwetu ni machotara, kwa hiyo jedwali la mbegu halikusaidii sana. Halafu kuna hilo kapu. Je, uzito wake ulitolewa? Kama kapu lina nusu kilo, Theluji ni kilo 4.6, si 5.1. Na hata hiyo 4.6 inaweza kuwa sawa kabisa kwa jike mwenye mifupa mikubwa, na unene wa kupindukia kwa mwenye mifupa midogo. Mizani inakwambia kama amebadilika tangu wiki iliyopita. Kama ni mnene au amekonda, hilo linajibiwa na vidole.

Mweke mezani juu ya gunia au taulo ili asiteleze. Sungura anayeteleza hukaza misuli, na misuli iliyokazwa hukufanya udhani ana nyama. Usimwinue kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine ubebe matako, kwa sababu akirusha teke hewani bila kushikwa nyuma anaweza kujivunja uti wa mgongo. Akihangaika mezani, kaa sakafuni umweke katikati ya magoti yako, umpe dakika mbili tatu atulie.

Anza na mgongo. Weka kidole gumba upande mmoja wa uti na vidole viwili upande wa pili, nyuma tu ya mabega, uvivute taratibu hadi kwenye nyonga. Bonyeza kupita manyoya mpaka ufikie ngozi. Kipimo unacho mkononi mwako: kunja ngumi, pitisha kidole cha mkono mwingine juu ya vifundo. Mgongo ukiwa hivyo, pingili zina ncha na mabonde katikati, huyo amekonda. Sasa nyoosha vidole, pitisha palepale: mifupa unaihisi, lakini imefunikwa. Huyo yuko sawa. Kisha geuza kiganja, bonyeza ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ikiwa mgongo wake unakutaka ukandamize namna hiyo ndipo upate mfupa, amenenepa. Usipoupata kabisa, amezidi sana.

Mbavu zitafute nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Kwa mguso mwepesi uweze kuzihesabu, lakini zisionekane kwa macho. Nyonga nazo zihisike bila kuchoma mkono. Matako ya aliyekonda yamebonyea kwa ndani, ya mnene yamevimba. Mwisho pitisha mkono kwapani na kwenye kinena. Matonge laini yanayocheza chini ya ngozi sehemu hizo ni mafuta. Madaktari wa mifugo hukusanya yote haya kwenye alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni mifupa mitupu, 5 ni mafuta matupu, na inayotafutwa ni 3.

Mshike Theluji kwanza, Simba baadaye, kisha unawe mikono kwa sabuni. Mpangilio huo una maana: kama Simba ana koksidia, hutaki kumpelekea mwenzake.

Mgongo wa Simba ukiwa na ncha huku tumbo limejaa, usingoje. Chukua kinyesi chake cha asubuhi, kile kigumu na kile laini, kama kijiko kimoja cha chakula, ukiweke kwenye kichupa safi chenye mfuniko. Usikiache juani. Kipeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo mwenye hadubini; afisa mifugo wa kata atakuelekeza aliye karibu. Mwende na Simba pia, ili daktari amwangalie meno ya nyuma na kupapasa ini. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yote, na yakikosa kusagana vizuri hutokeza ncha zinazomkata ulimi. Kwa Simba sidhani ndiyo shida, maana anayeumwa meno hudondosha chakula na kidevu huwa kimelowa mate.

Kabla ya kwenda mpime uzito kwa gramu, kwa sababu dawa hutolewa kwa kilo ya mwili. Za jamii ya salfa na amproliamu hutumika sana kwa koksidia, lakini muda na kipimo aseme daktari baada ya kuona kinyesi, maana dawa ya minyoo haigusi koksidia, na ya koksidia haigusi minyoo. Jambo moja ulishike hata mwenye duka akikuhakikishia vingine: sungura hapewi amoksilini wala penisilini ya kumeza. Inaua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wanashika nafasi, na anaweza kufa baada ya siku chache. Na zile dawa za kupulizia viroboto vya mbwa zenye fipronili ni sumu kwake.

Simba ahamie banda lake leo. Koksidia wakitoka na kinyesi hawaambukizi papo hapo. Huhitaji kama siku moja hadi nne za unyevu na joto ndipo wakomae. Ukizoa kinyesi kila siku, hata kile kilichonasa kwenye kona za wavu, unawahi kabla hawajakomaa. Dawa nyingi za kusafishia, pamoja na zile za klorini, haziwasumbui. Maji yanayochemka na jua kali vinawasumbua. Majani yasitupwe sakafuni; yaning'inizwe au yawekwe kwenye kihori cha waya, asije akala chakula alichokanyaga na kukinyea.

Kumtenga kuna sababu ya pili, na inamhusu Theluji. Dume wa miezi minne anaweza tayari kupanda. Wamekaa pamoja mwezi mzima, kwa hiyo huenda ana mimba. Jike mnene mwenye mimba akipunguziwa chakula ghafla, mwili huanza kuyeyusha mafuta kwa kasi, ini linazidiwa, na anaweza kufa siku chache kabla ya kuzaa. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Siku utakayompeleka Simba, mbebe na Theluji daktari ampapase tumbo; kuanzia siku ya 12 mimba huhisika kwa mkono uliozoea. Usijaribu mwenyewe, unaweza kuviumiza vitoto. Kama hupati mtu wa kumpapasa, hesabu siku 33 tangu ulipowatenganisha ndipo uguse peleti zake. Wakati huo muwekee sanduku lenye nyasi kavu, na ukimwona anajing'oa manyoya ya kifua ujue anatandika.

Sasa unene wake. Ule mkunjo chini ya kidevu peke yake usikutishe, majike wengi waliokomaa wanao kwa asili. Unakuwa tatizo ukiwa mkubwa kiasi cha kichwa kulalia, kama ulivyoeleza, na hasa akishindwa kujilamba. Kinachonishawishi zaidi ni kile kinyesi kilichoganda nyuma. Sungura hutoa choo cha aina mbili. Kuna punje ngumu tunazoziona, na kuna kile laini chenye kung'aa, kilichoshikana kwa vichala, ambacho huinama na kukila moja kwa moja kinapotoka, kwa sababu kina protini na vitamini ambazo hakuzipata mara ya kwanza. Mnene hafiki. Na hata angefika, wanga ukizidi kwenye chakula, kile laini huwa kingi na cha rojorojo, anakiacha. Kwa Theluji naona sababu zote mbili, na zote zimetoka kwenye bakuli.

Tuliangalie basi hilo bakuli. Sungura mkubwa anayefugwa nyumbani hahitaji peleti zaidi ya gramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 4.6 hiyo ni gramu 115. Kikombe cha chai cha mililita 200 huingia kama gramu 120. Maana yake kikombe cha jioni peke yake kimeshamaliza haki yake ya siku, na pumba, ugali, mkate na ndizi vyote ni nyongeza. Pumba zina wanga mwingi na nyuzinyuzi ndefu haba. Wanga usiosagwa ukifika kwenye utumbo mpana huchacha na kuleta gesi na kuhara. Mkate na ugali ni vilevile, na hivyo havina hata sababu ya kuwepo bandani.

Ugali, mkate na ndizi viache leo, kwa wote wawili. Karoti kipande cha sentimita mbili, mara mbili kwa wiki, basi. Pumba zipunguze robo kila baada ya siku nne au tano mpaka ziishe, kama wiki tatu hivi. Hilo halina shida hata kama Theluji ana mimba, mradi nyasi zipo wakati wote. Peleti usiziguse kwanza. Pumba zikiisha, na ukiwa na uhakika hana mimba, mshushie kidogo kidogo kutoka gramu 120 za kikombe hadi 60 kwa wiki mbili. Simba abaki na peleti zake, anakua.

Nyasi ndizo chakula chenyewe, na hizo mara mbili kwa wiki ndipo shida kubwa ya banda lako ilipo. Kila mmoja apate kila siku furushi lenye ukubwa kama wa mwili wa Theluji, na lisiishe usiku. Kwa kuwa hawajazoea, anza na nyasi kavu; robota moja la nyasi za Rhodes litakusogeza muda mrefu kwa sungura wawili. Mbichi ziingie taratibu, konzi moja, kesho konzi mbili, kwa siku kumi. Hasa masika, nyasi changa zina maji mengi, na sungura aliyezoea pumba akimwagiwa furushi zima atahara. Zikatwe umande ukishakauka, zinyauke kivulini saa chache. Zikirundikwa kwenye gunia zikapata joto, tupa. Mabingobingo ni mazuri yakiwa machanga yenye majani mengi. Vile vijiti vinene watakuachia. Kishona nguo, matembele na majani ya karoti, konzi moja moja. Alfalfa (lusini, si majani ya mti wa mlusina) ina protini na kalsiamu nyingi, inamfaa Simba na jike mwenye mimba, na Theluji akishaanza kupungua aionje tu.

Mwambie na kijana wa majani: majani ya mparachichi hapana. Vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vimejaa hiyo miti na matawi yake huchanganyika kwenye furushi bila mtu kujua. Yana sumu inayoshambulia moyo. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya nayo yasiingie.

Kosa ambalo watu hulifanya wakishasikia neno "mnene" ni kumfungia chakula. Tumbo la sungura linatakiwa lisukume kitu muda wote. Likisimama halianzi tena kirahisi, na ini hujaa mafuta hata kwa asiye na mimba. Theluji akipitisha saa 12 bila kula au bila kutoa choo, akajikunyata na kusaga meno, hiyo ni safari ya kwa daktari siku ileile, hata kama ni Jumapili.

Mazoezi yanasaidia, ila banda haliwezi kuyatoa. Wafungulie uani kwa zamu, si pamoja, saa tatu nne kwa siku zikigawanywa asubuhi na jioni. Mchana wa Januari na Februari hapo Moshi hapana: joto likipita nyuzi 28 sungura yeyote anateseka, na mnene ndiye wa kwanza kuanguka. Sehemu ya nyuma ya Theluji iangaliwe kila siku mpaka apungue. Osha kwa maji ya vuguvugu, kausha kabisa kwa taulo. Nzi hutaga hapo, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja; ukiona mabuu, daktari leo hii, na usimwagie dawa ya kuulia wadudu. Na kwa kuwa ni mzito na anakaa juu ya wavu, geuza nyayo za nyuma uone kama manyoya yameisha na ngozi imekuwa nyekundu. Muwekee ubao wa kupumzikia unaofunika nusu ya sakafu.

Mizani ya jikoni nyingi huishia kilo 5, kwa hiyo inamtosha Simba, lakini Theluji na beseni anaweza kuipita. Kwake tafuta mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, umtie kwenye kapu lenye mfuniko. Pima kapu tupu kwanza, uandike pembeni. Theluji kila Jumamosi asubuhi kabla ya peleti, Simba kila baada ya siku mbili mpaka dawa iishe, kisha kila wiki.

Theluji ashuke kama asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki, yaani gramu 45 hivi, isizidi mara mbili ya hapo. Usishangae wiki moja akipanda gramu 80 na inayofuata akashuka 150. Huo ni uzito wa kilichomo tumboni na kwenye kibofu. Soma wiki nne kwa pamoja. Na usijiwekee kilo ya kufikia: kila baada ya wiki mbili rudia ule mguso wa mgongo, na siku utakapoihisi mifupa chini ya kifuniko chepesi, andika uzito wa siku hiyo. Huo ndio uzito wake sahihi, na peleti zipande kidogo hadi abaki hapo. Simba yeye namba lazima ipande. Ikisimama kwa wiki mbili baada ya dawa, rudi na kinyesi kipya.